Mbwa wa jirani na ukoka wa mama mwenye nyumba



Ninapopanga, mama mwenye nyumba ana ukoka wake mbele ya geti. Si mkubwa, hatua nane kwa tano hivi, lakini anaumwagilia kila jioni kama anayemwogesha mjukuu. Wakati mwingine bomba halitoki na maji ni ya kununua kwa dumu, lakini ukoka haulali na kiu.

Sasa kila asubuhi, kabla jua halijapanda, mbwa wa nyumba ya tatu anapitishwa hapo na kijana anayefanya kazi kwa jirani. Mbwa anasimama palepale, anachuchumaa, anamaliza, halafu wanaendelea na matembezi yao. Mama anatoka na koleo na kipande cha boksi. Ni Mwislamu, mtu wa pwani, ametoka kuswali alfajiri, na kazi ya kwanza inayomsubiri ni kuondoa najisi ya mbwa asiye wake.

Siku moja nikamuuliza, mama, kwa nini husemi? Akanijibu: "Mwanangu, nikifiwa usiku, yule ndiye atakayefika wa kwanza. Nikamgombeze kwa ajili ya mavi?"

Jibu lile lilinikosesha usingizi. Mwandishi wa habari akikosa usingizi anafukua makabrasha, basi nikaanza kutafuta wenzetu waliwahi kulimalizaje jambo hili. Nilichokikuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Kwanza, kuna wakati kinyesi cha mbwa kilikuwa mali. Mwandishi wa London, Henry Mayhew, katika kazi yake ya mwaka 1851 kuhusu maskini wa jiji lile, aliandika habari za watu waliozunguka mitaani na ndoo wakikiokota. Walikiuza kwa watengeneza ngozi wa Bermondsey, ndoo moja kwa peni 8 hadi 10, kwa sababu kilisaidia kulainisha ngozi baada ya kutolewa kwenye chokaa. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wajane. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Otto Röhm alitengeneza dawa ya kufanya kazi hiyo hiyo, na soko likafa polepole. Tangu hapo mzigo ule ukawa hauna mnunuzi.

Tuvuke bahari twende New York. Tangu miaka ya 1930 mamlaka za jiji zilibandika vibao vya kuwaomba wenye mbwa wawapeleke pembeni mwa barabara, kwenye mfereji, ili njia ya watembea kwa miguu ibaki safi. Angalia vizuri: hawakuombwa kuokota. Waliombwa kusogeza tu. Kuokota ilikuwa kazi ya mfagiaji.

Ilipofika miaka ya 1970 ujambazi ulikuwa umezidi, watu wengi wakafuga mbwa wakubwa wa ulinzi ndani ya maghorofa. Wakati huohuo jiji lilikuwa linakaribia kufilisika, na mwaka 1975 lilinusurika chupuchupu. Mbwa wengi, fedha za usafi kidogo. Hesabu yake unaijua.

Hapo akajitokeza Fran Lee, mama mmoja mtetezi wa walaji, akasimama upande wa watoto. Hoja yake ilikuwa mnyoo uitwao Toxocara canis. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, hukomaa kwenye udongo kwa wiki kadhaa na yanaweza kukaa humo muda mrefu. Mtoto akichezea udongo ule kisha akatia vidole mdomoni, viluwiluwi huweza kusafiri mwilini hadi kwenye jicho na kuliharibu. Wapenda mbwa walimchukia mama huyu. Katika mkutano mmoja alirushiwa mfuko wenye kile kile alichokuwa anakilalamikia.

Baraza la jiji lilijadili na kushindwa. Hatimaye bunge la jimbo ndilo lililopitisha sheria, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1978, meya akiwa Ed Koch. Mbwa wako akijisaidia mahali pa watu, okota. Usipookota, faini hadi dola 100. Siku hizi inafika 250. Ajabu ni kwamba Fran Lee mwenyewe aliipinga. Kwake kuokota hakukutosha. Alitaka mbwa wafundishwe kujisaidia nyumbani kwa wenyewe.

Wengi walidhani sheria ile itachekwa tu, maana ni askari gani atatembea nyuma ya kila mbwa? Lakini ilishika. Mimi naona sababu ni hii: kabla ya 1978, aliyelalamika ndiye aliyeonekana mkorofi. Baada ya hapo, aliyeacha uchafu ndiye aliyeona aibu. Mpita njia hakuhitaji kugombana. Alisimama tu na kutazama. Sheria ilimpa jirani mnyonge haki ya kutazama.

Paris walikwenda njia nyingine. Kuanzia mwaka 1982, enzi za meya Jacques Chirac, jiji lilianza kutumia pikipiki zenye mashine ya kufyonza, zikawa zinazunguka kufuata mbwa. Gharama kubwa, na mwenye mbwa akapata sababu ya kutoinama: pikipiki itakuja. Mwaka 2004 mpango ukafungwa, na jiji nalo likageukia faini.

Somo nililolipata ni kwamba ustaarabu huu haukuzaliwa nao mtu. Wazungu tunaowaona kwenye filamu wakiinama na mfuko mkononi, baba zao hawakuinama. Walifundishwa, tena kwa kulazimishwa.

Kwetu kuna mambo mawili ya ziada. Mosi, mifuko ya Rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo tuokote na nini? Hapo sisi wa magazeti tunajitolea: gazeti la jana linatosha kabisa. Pili, na hili ndilo kubwa, mitaani kwetu anayeshika kamba mara nyingi si mwenye mbwa. Sheria ya New York inambana mwenye mbwa na pia aliyeshika kamba. Huku aliyeshika kamba ni kijana anayelipwa kidogo, hakupewa koleo, hakuambiwa neno, na mwenye mbwa bado amelala.

Basi nikajikaza nikaenda. "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu mwanangu." Nikaongea habari za umeme, za mpira, mwisho nikafika kwenye ukoka. Mzee alishtuka kweli, akasema hakuwa na habari, akamwita kijana na kumpa koleo na gazeti mbele yangu. Kuanzia kesho yake kijana akawa anaokota kila siku. Nikajiona Ed Koch.

Jumapili kijana huwa na mapumziko. Jumapili iliyopita nilikuwa dirishani na chai yangu, nikamwona mzee mwenyewe ameshika kamba. Mbwa akasimama palepale. Mzee akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta kamba, akaondoka. Mama akatoka na koleo lake na boksi, kimya kama kawaida.

Sijamwambia mama nilichokiona, wala sitamwendea mzee tena kumshtaki. Ila Jumapili ijayo saa kumi na mbili nitakuwa nimesimama pale getini. Nitamwamkia shikamoo, halafu nitanyamaza nimtazame.