Sisibo Ilianza na Posta, na Biashara Yako Je?

Wasee wa Sisibo, leo niko na historia, halafu niko na lawama. Historia kwanza.

Wengi wetu tunajiita watoto wa Sisibo bila kuuliza hilo jina lilitoka wapi. Ni "64", basi. Wakoloni walipima uwanda wa Uasin Gishu, wakaukata vipande, kila kipande kikapewa namba. Hapa tulipo palikuwa Shamba Nambari 64. Na kabla mtu hajaniambia ati palikuwa pori tu: zii. Uwanda ulikuwa na wenyewe. Wanandi walipigana na Waingereza kwa takriban miaka kumi, mpaka Koitalel arap Samoei akauawa kwa hila Oktoba 1905. Mwaka 1908 ndipo msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda huku na magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru. Hiyo namba iliandikwa juu ya ardhi iliyokuwa na majina tayari.

Sasa sikia hii. Mwaka 1910, kilichowekwa pale 64 ni posta. Walowezi walikuwa wametawanyika, kila mmoja kwa shamba lake, na reli ilikuwa mbali, Londiani. Barua ilihitaji mahali pa kufikia. Ikifika, mtu lazima aje kuichukua, na mtu akija, mwingine anapata wa kumuuzia sukari na misumari. Mwaka 1912 mahali hapo pakaitwa Eldoret, kutoka neno la Kimaasai la mto wenye mawe, yaani Sosiani yetu. Mwaka huohuo Standard Bank of South Africa ikafungua tawi. Inasimuliwa kwamba sefu yao ilianguka kutoka kwa gari la ng'ombe, ikawa nzito hakuna wa kuiinua, basi wakajenga benki kuizunguka hapohapo. Iwe kweli au chumvi, mimi naipenda hiyo stori. Reli ilifika 1924, na wakati huo watu walikuwa wameshajua pa kuja kitambo.

Haya, lawama.

Agosti 2024 tulipewa hati ya jiji. Tulishangilia, mimi mwenyewe nilipiga video. Lakini duka ngapi hapa mjini ukizitafuta kwa simu unazipata? Si kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 2011 Google na washirika wake, wakiwemo Safaricom na Equity, walianzisha mpango wa kuwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya tovuti za bure. Wazo lilikuwa poa. Ila kupewa tovuti ni kama kupewa shamba: usipolima, ni nyasi.

Naongea hivi kwa sababu ya Anti. Anashona na kuuza sare za shule hapa mjini. Miaka kadhaa iliyopita jamaa mmoja alimtengenezea saiti, akalipwa, akapotea. Mwaka jana, Novemba, Anti alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, na Januari ndiyo msimu wake. Akaniita: "Wewe kijana, si unajua mambo ya mtandao? Angalia hiyo kitu inasaidia nini."

Nikafungua. Wueh! Mbele kabisa kulikuwa na picha ya maghorofa ya ng'ambo, nzito mpaka bando langu lililia. Halafu "Maono Yetu", "Dhamira Yetu". Bei? Hakuna. Namba ya simu ilikuwa laini aliyoipoteza zamani. Kwenye ramani, duka lilikuwa ng'ambo ya pili ya mto. Hebu fikiria mzazi ametoka Iten na matatu, anazunguka upande ule akitafuta sweta.

Sikufanya uchawi wowote. Nilitoa maghorofa nikaweka picha za sweta zenyewe, nimezipunguza uzito zifunguke hata kwa simu ya bei nafuu. Bei niliziandika kwa maneno na tarakimu. Zamani alikuwa amebandika picha ya karatasi, na ukitafuta bei mtandaoni, maandishi yaliyo ndani ya picha hayapatikani kirahisi. Kichwa cha ukurasa kilikuwa "Karibu". Nikakibadilisha kikawa "Sweta na sare za shule, Eldoret", kwa sababu mtu asiyekujua hawezi kutafuta jina lako, anatafuta shida yake. Nikarekebisha ramani, nikaweka saa za kufungua, namba inayopokelewa na tili ya M-Pesa. Maelekezo niliandika vile tunavyoelekezana kawaida: shuka stegi gani, pita kando ya nini, panda ngazi upande gani. Kazi ya jioni tatu.

Anti alilalamika sana kuhusu bei. "Wenzangu wataona, wanipunguzie." Nikamwambia wenzake wanaijua bei yake tayari, asiyeijua ni mteja.

Wiki ya kwanza ya Januari mama mmoja aliingia ameshika simu mkononi, ukurasa umefunguka, akauliza sweta ya maruni saizi 28. Hakuuliza bei. Alinunua mbili na soksi. Kufikia mwisho wa mwezi deni la kodi lilikuwa limelipwa, na Anti alinitumia ya lanchi.

Ila bado ananiuliza, kwa uchungu kabisa, yale maghorofa yake nilipeleka wapi.