Inachukua saa ngapi kuchaji? Hesabu ya Shianda

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi imenibana, lakini juzi nimepata swali ambalo limenirudisha hapa. Binamu yangu aliye nyumbani Shianda, pale kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Mumias, amenunua vile vipokea sauti vidogo visivyo na waya, vinavyolala ndani ya kijisanduku chao. Akaniandikia hivi: "Kaka, wewe ndiye ulisomea kompyuta. Hivi vitu huchukua saa ngapi kuchaji? Boksi linasema saa moja na nusu, mimi naona ni siku nzima."

Nianze na jibu la kitaalamu, kisha nieleze kwa nini halitoshi.

Betri iliyo ndani ya kila kipande ni ndogo ajabu. Chukua mfano wa AirPods za kwanza, zilizoingia sokoni Desemba 2016. Waliozipasua walikuta kila kipande kina betri ya wati-saa 0.093, na kijisanduku chake kina wati-saa 1.52. Ndiyo maana Apple waliweza kutangaza kwamba dakika 15 ndani ya kijisanduku zinakupa saa 3 za kusikiliza. Hesabu yenyewe ni rahisi: gawanya ukubwa wa betri kwa mkondo unaoingia. Betri ya mAh 400 ukiipa mA 400, kimahesabu itajaa kwa saa moja. Lakini betri ya lithiamu haikubali mkondo huo mpaka mwisho. Ni kama kujaza matatu ya Mumias: abiria kumi wa kwanza wanaingia na kukaa mara moja, wale wanne wa mwisho ndio wanaochukua muda, huyu asogee, yule apakate mtoto, yule kuku wake aende chini ya kiti. Betri ikifika volti 4.2, chaja hushikilia hapo na kuacha mkondo upungue polepole hadi karibu na sifuri. Asilimia 80 za kwanza huenda mbio, zilizobaki hutambaa. Kwa hiyo saa moja na nusu ni jibu la kweli, boksi halikudanganya.

Tatizo ni kwamba binamu yangu naye hakudanganya. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwetu Shianda muda wa kuchaji haujawahi kuwa ule ulioandikwa kwenye boksi.

Tuanze mbali kidogo. Nyanya yangu (kwetu tunamwita kukhu) anasimulia enzi za redio ya mawe, wakati kituo bado kinaitwa Sauti ya Kenya, kabla hakijawa KBC mwaka 1989. Mawe yenyewe yalikuwa ya Eveready, ya picha ya paka, kutoka kiwanda cha Nakuru kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa mwaka 2014. Mawe hayo hayachajiki. Kemia yake ni ya njia moja, zinki ikiliwa imeliwa. Lakini nani alikuwa na pesa za kununua mapya kila mara? Yakichoka yalianikwa juani, juu ya bati au juu ya jiwe, pamoja na mahindi, na jioni redio ikapata sauti tena kwa nusu saa. Nilipokuwa chuo nilidhani ni imani tu za kijijini mpaka nilipoisoma vizuri. Joto huharakisha mwendo wa kemikali ndani ya jiwe, na mapumziko huipa nafasi ijipange upya. Huongezi nishati mpya hata kidogo, unakamua iliyobaki. Hata hivyo, kama AFC Leopards wanacheza jioni hiyo, nusu saa ya mwisho ya mechi ilistahili siku nzima ya jua. Hiyo ndiyo chaji ya kwanza ya Shianda ninayoijua: saa nane za jua kwa dakika thelathini za mpira.

Kisha ikaja betri ya gari. Teknolojia ya risasi na asidi iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 ndiyo iliyoleta televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe katika nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya. Betri ya N50, ya volti 12, inabeba karibu wati-saa 600, na ukitaka idumu unaichaji kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Kwa hiyo ni saa kumi na zaidi, yaani usiku mzima. Ukiharakisha inachemka na kutoa gesi. Ongeza sasa safari: betri inafungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, inapelekwa sokoni, inalala huko, kesho inafuatwa. Suruali nyingi zilitobolewa na asidi kwa namna hiyo, na ya baba ikiwemo. Saa kumi za chaji zikawa siku mbili bila taarifa ya habari.

Sasa tufike kwenye simu, maana hapa ndipo nilipokuwepo mwenyewe. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ile ya tochi, baba wa simu zote tulizoziita mulika mwizi. Betri yake, BL-5C, ilikuwa ya mAh 850, na matoleo ya baadaye mAh 1020. Chaja ndogo ya Nokia ilitoa mA 350. Gawanya mwenyewe: saa tatu hivi. Hizo ndizo saa za kiwandani.

Nyumba yetu haikuwa na stima. Soko lilikuwa nayo, na kuna sababu ya kihistoria. Kenya ilikuwa na mpango wa kusambaza umeme vijijini tangu mwaka 1973, na sheria ya nishati ya mwaka 2006 ikaleta mamlaka maalumu ya kazi hiyo, iliyoanza mwaka 2007. Iliamua kuanza na masoko, shule za sekondari na vituo vya afya. Kimpango ilikuwa na maana, waya mmoja unahudumia wengi. Matokeo yake ni kwamba kila soko lilipata kibanda cha kuchaji simu, kwa shilingi 20. Unafika asubuhi, mwenye kibanda anabandika karatasi yenye namba kwenye simu yako kwa selotepu na kukupa karatasi ya pili, kisha simu inajiunga na nyingine thelathini kwenye ubao wa soketi. Unatoa laini yako kwanza, hasa baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007. Wajanja walikwaruza herufi za majina yao kwenye betri kwa msumari ili isibadilishwe na iliyochoka. Unarudi jioni. Saa tatu za kiwandani zimekuwa siku nzima, mara mbili kwa wiki.

Siku moja mwaka 2008, nikiwa shule ya msingi, babu alikuwa amelazwa Kakamega na baba alikuwa naye. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, ya mama, na asubuhi ile mimi ndiye niliyeipeleka sokoni kabla ya kwenda shule. Baba alianza kupiga saa nne. Alitaka mama na nyanya waje mara moja. Alipiga mchana, akapiga tena saa tisa, kila mara mteja hapatikani. Stima ilikuwa imepotea sokoni kwa muda, foleni ikasogea nyuma, kwa hiyo nilipotoka shule nikaambiwa nisubiri kidogo, na nikasubiri, nikicheza na wenzangu pale nje. Nilifika nyumbani na simu kigiza kimeingia. Magari ya kwenda Kakamega yalikuwa yamekwisha. Nyanya alifika hospitali kesho yake asubuhi na hakumkuta babu akiwa hai.

Sijawahi kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini mtu akiniuliza betri ya Nokia ilichukua muda gani kuchaji, sitamwambia saa tatu.

Jambo lililonichanganya nilipokuja kulielewa baadaye ni hili. Kilomita chache kutoka kwetu kilikuwepo kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973. Kuanzia mwaka 2009 kilikuwa kinachoma makapi ya miwa, miwa iliyotoka mashambani mwetu, na kuuza megawati 26 kwenye gridi ya taifa. Nimepiga hesabu: kwa chaja za wati 2, umeme huo unatosha simu milioni 13 kwa mpigo mmoja. Waya ulipita juu ya vichwa vyetu tukiwa kwenye baiskeli kupeleka simu sokoni. (Kiwanda kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, hiyo ni hadithi ndefu ya siku nyingine, na ya hasira.)

Watu wa teknolojia waliliona tatizo hilo na kulijibu kwa njia mbalimbali. Mwaka 2009 Safaricom walileta simu yenye paneli ya sola mgongoni, iliyotengenezwa na ZTE, kwa shilingi 2,999. Wazo zuri, ila kipande cha paneli cha ukubwa wa kiganja hakina nguvu ya maana, na simu inayoachwa juani kutwa ni simu usiyoitumia. Ni yale yale mawe juu ya bati. Kilichobadilisha mambo zaidi ni M-KOPA, waliofungua biashara mwaka 2012: paneli juu ya paa, taa, waya wa kuchajia simu, na malipo ya shilingi 40 kwa siku kupitia M-Pesa, baadaye 50. Mtu aliyekuwa akilipa 20 sokoni pamoja na mafuta ya taa aliielewa hesabu hiyo bila kuelezwa. Kisha mwaka 2015 serikali ikaanza mpango wa kuunganisha nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ada ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 50.4 ya kaya za Kenya zinatumia umeme wa gridi kwa mwanga, na asilimia 19.3 sola. Kwetu tulipata. Kibanda cha kuchaji sasa kinauza vifuniko vya simu na hivyo vipokea sauti vyenyewe.

Kwa hiyo, binamu, hili ndilo jibu lako. Nilimpigia nikamuuliza anachaji vipi. Kumbe stima kwao hukatika jioni na kurudi usiku, kwa hiyo anachaji kijisanduku kwa betri ya akiba, ambayo nayo inachajiwa na paneli ndogo. Nishati inahamishwa mara nne kabla ya kufika sikioni, na kila inapohama inapungua. Nikamwambia mambo mawili. Kwanza, asisubiri asilimia 100, dakika 15 asubuhi zinamtosha kufika kazini. Pili, badala ya kuchomeka jioni wakati stima inachezacheza, achomeke alfajiri. Betri moja ya BL-5C ina nishati ya kujaza kipande kimoja cha sikioni cha aina ile ya AirPods mara arobaini, yaani anachohitaji ni kidogo sana, ni suala la saa tu.

Nyanya alikuwa kando akisikiliza. Yeye bado ana simu yake ya kubonyeza, na soketi ipo ukutani kando ya kitanda chake tangu mwaka 2017. Kila usiku saa mbili huizima ili chaji isiishe. Nimemweleza mara nyingi kwamba hakuna haja, na mara zote hukubali. Jana usiku nimempigia saa tatu, hapatikani.