Nathani Hakutafuta Rimoti: Kanisa na Tamthilia za Vijana Kenya

Mwaka 2009 Wakenya walianza kuona kwenye televisheni tamthilia fupi iitwayo Shuga. Msimu wake wa kwanza ulikuwa na sehemu tatu tu. MTV waliitengeneza kwa kushirikiana na UNICEF pamoja na PEPFAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kupambana na UKIMWI. Ilipigwa Nairobi, ikachezwa na vijana wa Nairobi. Mmoja wao, Lupita Nyong'o, aliyeigiza kama Ayira, alikuja kushinda Oscar mwaka 2014. Mapenzi ya vijana, starehe za usiku, wanaume wenye pesa, kondomu, kipimo cha VVU: yote yakaletwa sebuleni, ambako baba, mama na watoto wamekaa kwenye kochi moja.

Kinachotokea hapo tunakijua wote. Baba anakohoa. Mama anakumbuka sufuria jikoni. Mtoto mkubwa anainamia simu yake kana kwamba haoni kitu. Halafu mtu anatafuta rimoti.

Ukiangalia historia ya Kanisa na televisheni ya vijana nchini Kenya, mara nyingi utaona mkono huohuo ukitafuta rimoti hiyohiyo. Swali lililoulizwa zaidi lilikuwa: wameonyesha nini? Swali la pili, ambalo naliona kuwa la Kikristo zaidi, liliulizwa kwa nadra: hadithi yenyewe inasema nini?

Na si kwamba swali hilo la pili lilikuwa geni. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Tarehe 4 Desemba 1963, siku nane tu kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa Nairobi, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati iitwayo Inter Mirifica, kuhusu magazeti, sinema, redio na televisheni. Hati hiyo haikulegeza kamba: ilisema maadili yako juu ya sanaa. Lakini ilikubali pia kwamba kuonyesha uovu katika hadithi kunaweza kumsaidia mtu kuijua nafsi ya binadamu kwa undani na kuona uzuri wa wema, mradi ifanywe kwa kiasi. Yaani dhambi kuonekana kwenye kioo hakutoshi kuihukumu kazi. Lazima uangalie hadithi inaipeleka wapi dhambi hiyo.

Basi mbona mlango huo haukutumika? Jibu moja ni UKIMWI. Katikati ya miaka ya 1990, Kadinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu hadharani Nairobi, na viongozi wa Kiislamu wakawa upande wake. Wakati huo watu walikuwa wakizikwa kila wiki vijijini, na mara nyingi jina la ugonjwa halikutajwa makaburini. Ilipofika Novemba 1999, Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Katika moto ule mjadala mzima wa maadili ya ngono ulibanwa ndani ya kitu kimoja kidogo cha mpira. Uko upande wa kondomu au uko upande wa Mungu? Kizazi cha tamthilia kilipofika, kilikuta kipimo hicho kimeshawekwa mlangoni.

Na tamthilia zilifika kwa wingi. Citizen TV walikuwa na Tahidi High, iliyowaweka watazamaji ndani ya shule ya sekondari, na wasichana na wavulana wenye shida ambazo mwalimu wa dini alizijua vizuri lakini hakuzitaja darasani. Kwa upande wao, vipindi vya vijana vya Kikristo vilivyopendwa, kama Joy Bringers ya KBC na baadaye Crossover 101 ya NTV, vilikuwa vya nyimbo. Si jambo dogo: viliwapa vijana wa kanisani mahali pa kucheza na kufurahi bila kuona haya. Ila wimbo wa sifa na hadithi ni vitu tofauti. Wimbo huanzia mahali ambapo mtu ameshaokoka. Hadithi inaweza kuanza akiwa bado hajui ataelekea wapi.

Tazama sasa kilichotokea Machi 2013. Stesheni za Kenya zilikuwa zikirusha tangazo la kondomu ambamo wanawake wawili wanaongea sokoni. Mmoja ana mume na ana mpango wa kando pia. Mwenzake hamwambii auache. Anamshauri atumie kinga. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walipiga kelele, na tangazo likaondolewa hewani.

Waliolitengeneza walikuwa na sababu nzito. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2008 ulikadiria kwamba karibu asilimia 44 ya maambukizi mapya ya VVU yalitokea kati ya watu walio kwenye ndoa au uhusiano wa kudumu. Kwa maneno mengine, kitanda cha ndoa kilikuwa kimeshakuwa mahali pa hatari, na wengi waliolala humo walikuwa wameapa mbele ya padri, mchungaji au kadhi.

Lakini hapa nawapa maaskofu haki yao. Waliusoma ujumbe wa tangazo vizuri kuliko wengi waliowacheka. Tangazo halikusema tu "jikinge". Lilisema pia kwamba usaliti ni hali ya hewa: mvua haizuiliki, basi nunua mwavuli. Mkristo anayeona kasoro hapo si mshamba. Ana swali halali kuhusu mume aliyebaki nyumbani, ambaye tangazo halikumpa hata sura.

Tatizo ni kilichofuata. Tangazo liliondoka, na ile asilimia 44 ikabaki palepale. Hakukuja hadithi ya kujibu hadithi. Ungetegemea watu waliokuwa na hoja nzuri namna ile waandike mchezo kuhusu yule mume, au kuhusu mke anayejua kila kitu na bado anapika chakula cha jioni. Rimoti ilibonyezwa, kioo kikawa cheusi, na sisi tukaita hiyo ushindi.

Miaka michache baadaye rimoti ilihamia serikalini. Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, chini ya Ezekiel Mutua, ilianza kuzungumza kwa lugha iliyofanana sana na ya mimbari. Mwaka 2016 tangazo la Coca-Cola lilikatwa kipande cha busu. Juni 2017 bodi ilipiga marufuku katuni sita, zikiwemo Hey Arnold na Adventure Time, kwa madai kwamba zinaeneza ushoga kwa watoto. Waumini wengi walishangilia. Lakini fikiria mtoto wa miaka 12 alijifunza nini hapo: kwamba imani ni orodha ya vitu visivyotazamwa. Na kwa kuwa simu ilikuwa imeshafika mfukoni, orodha hiyo alikuwa na uwezo wa kuivuka akiwa chini ya blanketi, peke yake, bila mtu mzima wa kumuuliza kitu.

Kuna utafiti unaofaa kutajwa hapa. Shuga ilipohamia Nigeria, wanauchumi, akiwemo Abhijit Banerjee aliyepata Nobel mwaka 2019, walilinganisha vijana walioitazama na wasioitazama. Miezi minane baadaye, walioitazama walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili zaidi wa kwenda kupima VVU. Kinachonivutia ni hiki: matokeo yalikuwa na nguvu zaidi kwa wale walioingia ndani ya hadithi, waliowafuata wahusika kama watu wanaowajua. Taarifa peke yake haikutosha. Kilichowashika ni kisa.

Kwa hiyo hofu ya maaskofu kwamba tamthilia inabadilisha watu haikuwa ndoto. Ina nguvu kweli. Ndiyo maana kuizima tu ni kujinyima nguvu hiyo wewe mwenyewe na kumwachia mwenye fedha za kutengeneza.

Na mimi sidhani Shuga ilisema yote. Uzito wake ulikuwa kwenye kupima, kujikinga na kujua hali yako. Ni maadili mazuri, maadili ya ukweli. Ila yanamlenga zaidi mtu na afya yake. Ukristo ulikuwa na maswali ya kuongeza mezani: ukishamuumiza mwenzako, unarudije? Nani anakupokea? Na aliyeumizwa, je, analazimika kusamehe kabla machozi hayajakauka? Hayo maswali vijana wanayo. Wanayaulizana hosteli saa sita za usiku.

Ieleweke, mzazi ana haki ya kubadilisha stesheni. Mtoto wa miaka saba hahitaji kuona kila kitu, na kuna kazi zinazouza mwili kisha zinabandika funzo dakika ya mwisho. Kuchagua ni sehemu ya malezi. Lakini kuchagua bila kuzungumza ni kukimbia.

Biblia ina kisa cha mfalme aliyechukua mke wa askari wake, kisha akapanga askari huyo auawe vitani. Kama kingekuwa kwenye televisheni saa mbili usiku, sijui bodi ingekifanya nini. Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, hakuanza na orodha ya makosa. Alimpa hadithi: tajiri mwenye mifugo tele, maskini mwenye mwanakondoo mmoja. Daudi akaingia ndani ya kisa, akakasirika kwa niaba ya mtu ambaye hakuwepo, akatoa hukumu kwa kinywa chake. Hapo tu ndipo Nathani alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Kanisa la Kenya lina waandishi, lina vijana wanaoigiza kila Krismasi, na lina stesheni zake. Kinachosubiriwa ni mtu wa kuandika kuhusu mwanakondoo.