Jogoo Asiyefikia Siku ya Kuwika

Kuku aliyegandishwa kwenye friji ya supamaketi mjini Kisumu hana kichwa, hana miguu, hana hata unyoya. Alikuwa jike au dume? Jibu fupi ni kwamba anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili, na aliyemfuga hakujishughulisha kumtambua. Jibu refu linapitia Usenge.

Huko Usenge, mji wa wavuvi ulioko Yimbo katika kaunti ya Siaya, kando ya Ziwa Victoria, kitoweo cha kila siku ni samaki. Kuku ni wa mgeni, wa mkwe, wa sikukuu. Na tangu jadi, kuku huyo aghalabu alikuwa dume. Koo anataga, anaatamia, analea. Jogoo mmoja anawatosha koo kumi. Nani basi achinje anayetaga ilhali mapora wanne wanapigana uani? Koo alifika chunguni akizeeka, au akiacha kutaga.

Lakini jogoo hakuwa nyama tu. Kijana wa Kijaluo anapoondoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma lake, desturi iitwayo goyo ligala, hutoka na shoka na jogoo. Shoka bila jogoo halitoshi, na koo hawezi kushika nafasi yake. Desturi ya zamani ilikuwa na upande mwingine usiopendeza: mama ndiye aliyewalisha kuku na kuwafungia usiku wasiliwe na kicheche, lakini mwiko ulimkataza kuonja nyama yao na mayai yao. Firigisi ilikuwa ya mwenye boma. Mwiko huo umekwisha, ingawa bado wapo wanaume wanaoitafuta firigisi kwa macho kabla hata ya kunawa mikono.

Jogoo akaingia pia kwenye siasa. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960, kilimchukua awe alama yake, na Jaramogi Oginga Odinga, mwana wa Bondo hapo jirani, akawa makamu wa rais wa chama. Mwaka 1966 alimwachia Rais Jomo Kenyatta jogoo wake akaanzisha chama cha KPU. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kumsifu jogoo katika pwani hii ya ziwa kulihitaji uangalifu.

Serikali nayo ilimtazama jogoo kwa jicho la mfugaji. Mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, ulianzishwa mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, na sehemu yake moja ilikuwa kubadilishana majogoo: mwanakijiji alete wake wa kienyeji, apewe wa kigeni. Hesabu yake ilikuwa na maana, kwa kuwa koo hubadilisha vifaranga wake tu, lakini jogoo hubadilisha kizazi cha boma zima. Tatizo ni kwamba jogoo wa kigeni alizoea kupewa chakula, si kujitafutia jalalani. Na mabinti zake walitaga vizuri lakini hawakuwa na hamu kubwa ya kuatamia. Boma lisilo na mashine ya kuangulia lina faida gani na koo asiyeatamia?

Ng'ambo, mambo yalikuwa yamekwisha kugeuka zamani. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, nyama ya kuku huko Marekani pia ilikuwa masalio ya biashara ya mayai: mapora wa ziada na koo waliochoka. Mwaka 1923 mama mmoja wa jimbo la Delaware, Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 wa mayai akaletewa 500. Hakuwarudisha. Aliwafuga wote, na waliosalimika akawauza kwa nyama wakiwa na uzito wa karibu kilo moja, akapata faida iliyowaamsha majirani. Katika miaka ya 1940 yakaja mashindano ya kumtafuta kuku mnono, kifua kipana, anayekua haraka. Huko ndiko alikotoka broila.

Tangu hapo kuku amekuwa wa aina mbili zisizofanana, wa mayai na wa nyama. Upande wa mayai, jinsia ni suala la kufa na kupona. Wanasayansi wa Japani, Kiyoshi Masui na wenzake, waligundua jinsi ya kumtambua kifaranga wa siku moja kwa kumbonyeza sehemu ya kutolea kinyesi na kutafuta kijinundu kidogo sana. Ujuzi huo waliuwasilisha katika kongamano la dunia la ufugaji wa kuku jijini Ottawa mwaka 1927. Ulisambaa duniani, na dume wa ukoo wa mayai akawa hana kazi: hatagi, na kwa nyama anachelewa mno. Kila mwaka mabilioni yao huuawa siku ileile wanayoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia 2022. Kwetu, wapo wanaouzwa kwa bei ya kutupa kwa anayekubali kuwalea.

Upande wa nyama, hakuna anayejali jinsia. Hapa Kenya kampuni ya kuku ya Kenchic ilianzishwa mwaka 1984, na kuku wa gredi, yaani broila, akawa mwenza wa chipsi katika kila mji. Huyu huchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi, wakati mtetea huanza kutaga akiwa na wiki 18 au zaidi. Dume humpita jike kidogo kwa uzito, basi. Hajapata upanga wa kichwani uliokamilika, hajapigana, hajawika. Nyama ya wawili hao ni ileile. Mbishi atakayenunua kuku mzima na kumchunguza ndani, kandokando ya uti wa mgongo karibu na figo, huenda akaona punje mbili nyeupe za dume, iwapo mchinjaji hakuzitoa.

Kuna jambo moja ambalo Usenge inaweza kujivunia, au kulilalamikia. Sehemu kubwa ya omena, yaani dagaa, inayoanikwa kwenye fuo za ziwa hili haifiki sufuriani, bali huenda kwenye viwanda vya chakula cha mifugo. Broila wa Nairobi, awe jike au dume, huenda amekula ziwa letu. Mama anayenunua omena kwa debe anashindana na kuku huyo kwa bei.

Anayetaka uhakika wa kula jike amtafute leya aliyestaafu. Kuku wa mayai akishataga mwaka mmoja na zaidi, mfugaji humwuza akiwa hai, kwani hazai faida tena. Bei yake iko chini ya ile ya kuku wa kienyeji, supu yake ni tamu, nyama yake ni ngumu. Mpishi aanze kazi mapema.