Ziwa Tanganyika na Mlango Wake: Serikali mbele ya Mafuriko

Wakaaji wa kandokando ya Ziwa Tanganyika wanajua maji ya namna mbili. Kuna maji ya mto, yashukayo mlimani kwa usiku mmoja, yakabomoa na kupita. Kuna pia maji ya ziwa, yapandayo polepole kwa miezi, yakaingia nyumbani na kukaa. Lugha ya serikali huyaita yote mafuriko. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba namna hii ya pili ina historia yake, na kwamba sheria zetu bado hazijaizingatia vya kutosha.

Ziwa hili hupokea mito mingi, mikubwa ikiwa Ruzizi na Malagarasi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, nao ni Lukuga, kwenye mji wa Kalemie. Mengi ya maji yake hupotea kwa mvuke. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, ziwa halina budi kupanda.

Mwaka 1874 Cameron aliufikia mlango huo. Stanley alipoukagua mwaka 1876, aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, na ziwa likiendelea kupanda. Baadaye kizuizi hicho kilibomoka; mwaka 1879 Hore na Thomson waliona Lukuga ikitiririka kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka takriban mita 10. Ndiyo maana mahali pa Ujiji walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 leo pako mbali na maji.

Tuzingatie jambo hili: utawala wa kikoloni ulijiimarisha wakati ziwa lilikuwa limerudi nyuma. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914 na Albertville, yaani Kalemie ya leo, mwaka 1915. Bandari, maghala na mitaa vikafuata ufuko wa wakati ule, kana kwamba ndio mpaka wa daima. Kumbe sehemu ya nchi kavu hiyo ilikuwa mkopo.

Mkopo huo ulidaiwa baada ya mvua kubwa za mwaka 1961. Mwaka 1964 ziwa lilifikia kimo chake cha juu kabisa katika karne ya 20. Mwaka huohuo Uvira na Albertville zilikuwa mikononi mwa waasi. Serikali iliyopoteza miji isingeweza kuulinda ufuko. Maji yalipopungua, watu waliteremka tena.

Serikali hazikukaa kimya baadaye. Mwaka 2003 nchi nne, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inataja mita 150 kwa Tanganyika. Kongo nayo ilipata sheria yake ya maji mwaka 2015. Lakini ukingo ni wa mwaka gani? Kwenye mteremko mkali mita 60 zaweza kutosha. Kwenye uwanda wa Ruzizi, hata mita 150 zaweza kumezwa na maji yaliyopanda kidogo tu. Umbali peke yake haumkingi mtu: kinachomkinga ni kimo.

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe uliua makumi ya watu Uvira. Hayo yalikuwa maji ya mto, na dawa yake ni miti milimani, mifereji na madaraja imara. Mwaka 2024 ziwa lenyewe liliingia mitaani Uvira, Kalemie na Bujumbura. Hapo mfereji haufai kitu, kwa kuwa hakuna pa kuyapeleka maji.

Wengine husema kosa ni la wananchi waliojenga ufukweni. Hoja hiyo haijitoshelezi. Mvuvi huishi karibu na mtumbwi wake, na mkimbizi wa vita hukaa anapopata nafasi. Kumwondoa bila kumpa kiwanja kingine ni kuihamisha hatari tu. Zaidi ya hayo, mwenye kupima viwanja na kutoa hati ni serikali. Basi alama ya maji ya mwaka 1964 ichorwe katika kila ramani ya miji hiyo, na asipewe mtu hati ya kiwanja kilicho chini yake.