Chicago: Bodi ya Elimu kutoka Kuteuliwa hadi Kuchaguliwa

Tangu mwaka 1995, wajumbe wa Bodi ya Elimu ya Chicago, Marekani, waliteuliwa na meya. Bodi hiyo ilipoamua kufunga shule takriban 50 mwaka 2013, wazazi hawakuwa na mjumbe wa kumwondoa kwa kura.

Mwaka 2021 Jimbo la Illinois lilipitisha sheria ya kubadilisha utaratibu huo kwa awamu mbili:

1. Novemba 2024: wananchi walichagua wajumbe 10; meya akateua 11, akiwemo mwenyekiti.
2. Novemba 2026: wajumbe wote 21 wawe wa kuchaguliwa, 20 kutoka maeneo ya uchaguzi, na mwenyekiti kwa kura za jiji zima.

Je, ndugu zetu wahamiaji wasio raia wana nafasi gani? Kura ya bodi ni ya raia waliojiandikisha. Lakini shule nyingi zina halmashauri zao, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1988, na humo mzazi hupiga kura hata kama si raia. Halmashauri hizo nyingi ndizo humchagua mwalimu mkuu.

Watoto ni amana. Tunawanasihi wazazi wasiuache mlango huu ulio wazi. Wallahu a'lam.