Nasaba ya Kitabuni na Nasaba ya Mtaani: Ukoo na Malezi ya Ira Aldridge, 1807–1825

1. Utangulizi

Ira Frederick Aldridge alikuwa mwigizaji Mweusi wa kwanza kujijengea jina katika kumbi kubwa za Ulaya kwa tamthiliya za Shakespeare. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliigiza Othello, na baadaye Shylock, Macbeth na Lear, kuanzia Uingereza hadi Urusi, mpaka mauti yalipomkuta Łódź, Polandi, tarehe 7 Agosti 1867. Hata hivyo, chimbuko lake lilisimuliwa kwa namna mbili zisizopatana. Masimulizi ya kwanza yanamfanya mjukuu wa mtawala wa Senegali. Ya pili yanamfanya mtoto wa muuza nyasi kavu wa New York. Utafiti wa Marshall na Stock (1958), na baadaye wa Lindfors (2011), umeyapa uzito haya ya pili. Makala haya hayakusudii kuurudia uthibitisho huo, bali kueleza kwa nini masimulizi ya kwanza yalihitajika, na ni kitu gani yalichokifunika.

2. Nasaba ya kitabuni

Masimulizi ya Senegali yamo katika kijitabu cha wasifu wa Aldridge kilichochapishwa London karibu mwaka 1849 bila jina la mwandishi. Kinaeleza kwamba wahenga wake walikuwa watawala wa Kifulani kando ya mto Senegali. Babu yake alitaka mateka wa vita wabadilishwe badala ya kuuzwa utumwani. Wakuu waliofaidika na biashara hiyo wakaasi, wakamuua. Mwanawe akachukuliwa na mmisionari hadi Marekani, akasomeshwa, kisha akarudi kudai urithi wake, lakini vita vikamfukuza tena.

Kila tukio katika masimulizi haya lina kazi yake. Kwa kuwa babu anakufa akipinga uuzaji wa binadamu, mjukuu hapandi jukwaani kama mzao wa watumwa, bali kama mrithi wa aliyeupinga utumwa. Umbo la kisa nalo halikuwa geni. Tangu Aphra Behn achapishe Oroonoko mwaka 1688, wasomaji wa Kiingereza walikuwa wamemzoea mwana wa mfalme wa Kiafrika aliyedhulumiwa. Aldridge mwenyewe alimwigiza Oroonoko katika ukumbi wa Coburg, London, Oktoba 1825. Inaelekea, basi, kwamba nasaba hiyo ilichota umbo lake jukwaani kabla ya kuwekwa kitabuni.

3. Nasaba ya mtaani

Aldridge alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807. Baba yake, Daniel, aliuza nyasi kavu na kuhubiri kanisani. Mama yake aliitwa Luranah. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali katika jimbo hilo: sheria ya mwaka 1799 iliuondoa hatua kwa hatua, na ukomo wake ulifika tarehe 4 Julai 1827 tu. Hivyo familia ya Daniel iliishi ikiwa huru katika jiji ambamo majirani wa rangi yao waliweza bado kumilikiwa.

Jumuiya ya Weusi walio huru ilikuwa na taasisi zake. Aldridge alisoma katika Shule Huru ya Waafrika, iliyoanzishwa mwaka 1787 na chama cha kutetea ukombozi wa watumwa. Humo walipita pia Henry Highland Garnet, Alexander Crummell na James McCune Smith. Smith, aliyekuja kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari, ndiye aliyeandika kumbukumbu za ujana wa Aldridge mwaka 1860.

Taasisi ya pili ilikuwa ukumbi wa maonyesho ulioanzishwa mwaka 1821 na William Brown, Mweusi aliyewahi kuwa mhudumu wa meli. Mwigizaji wake mkuu, James Hewlett, alicheza Richard III. Waigizaji walikamatwa na polisi, na mwaka 1822 ukumbi ulivamiwa na kuharibiwa. Katika mazingira hayo ndipo kijana Aldridge, ambaye baba yake alitaka awe mhubiri, alipojifunza kwamba Mweusi anaweza kuitamka lugha ya Shakespeare, na kwamba kufanya hivyo kuna gharama. Mwaka 1824 alivuka bahari kwenda Liverpool.

4. Kutoka New York hadi Senegali

Aldridge hakuanza kwa kuificha New York. Tangazo la Coburg la mwaka 1825 lilimtambulisha, kwa jina la jukwaani la Keene, kuwa ametoka katika ukumbi wa Waafrika wa New York. Lakini sifa ya ukumbi huo ilikuwa imekwisha kuchafuliwa. Mwaka 1824 mchekeshaji Mwingereza Charles Mathews, aliyerejea kutoka Marekani, aliwachekesha watu wa London kwa kumwiga mwigizaji Mweusi anayemharibu Hamlet. Watazamaji walidhani anayedhihakiwa ni Aldridge, naye alilazimika kukanusha. Kukitaja chanzo chake cha kweli kulikuwa sawa na kuialika dhihaka. Senegali ilimpa asili ambayo Mathews hakuwa ameigusa.

5. Hitimisho

Nasaba ya Senegali haifai kuchukuliwa kuwa uongo mtupu, wala kukumbatiwa kama fahari. Ilikuwa ngao, na ngao hiyo ilikuwa na bei: sifa ya kipaji chake ilihamishwa kutoka kwa watu waliomlea, yaani mhubiri muuza nyasi, walimu wa shule ile na waigizaji waliokamatwa, ikapewa damu ya kifalme. Mhakiki anayeishia kwenye kijitabu anaiendeleza dhuluma hiyo bila kujua.

Lakini Aldridge hakuwasahau wazazi wake. Mwana aliyezaliwa mwaka 1847 aliitwa Ira Daniel. Binti aliyezaliwa mwaka 1860, aliyekuja kuwa mwimbaji wa opera, aliitwa Luranah. Nasaba ambayo kitabu kiliificha, yeye aliihifadhi katika majina ya watoto wake.